Namba Tisa ya Fundi

Fundi hajawahi kuona hata filamu moja katika ukumbi wetu, na kila mwisho wa mwaka ndiye anayetuambia ipi ilikuwa nzuri na ipi ilikuwa takataka. Ukiona jambo hilo halikuingii akilini, hauko peke yako. Mimi nimelizoea. Nimekaa kwenye dirisha la tiketi miaka tisa, na nimeshuhudia wanaume wazima wenye ndevu na familia zao wakijipanga mbele ya mlango wa fundi cherehani ili wasome wamependa nini mwaka huo.

Ukumbi wa kaka yangu na chumba cha Fundi ni nyumba moja iliyogawanywa kwa ukuta wa mbao nyembamba. Upande wetu tuna mabenchi kumi na manne, pazia jeupe, na spika mbili kubwa zilizoegemea ukuta huo. Upande wake ana cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu na kiti kimoja cha mteja. Cherehani yake na spika yetu ya kushoto zimepeana migongo. Kwa hiyo kuanzia saa nane mchana, kila anayepigwa risasi, anayelia au anayeapa uongo upande wetu, Fundi anamsikia kama amekaa mapajani mwake. Kutazama hana nafasi, maana macho yake yako kwenye mshono.

Na wala hasikitiki. Anadai sisi tunaotazama ndio tunaodanganyika, kwa sababu uso mzuri huiba maksi. Mtu akiwa na meno meupe tunamsamehe hata akiigiza kama gogo. Sikio, kwa maelezo ya Fundi, halioni meno. Linajua kama anayelia analia kweli au amebana pua, kama mlango umefungwa kwa hasira au kwa upepo, na kama wapenzi wawili wanapendana au wanasubiri kwenda kula. Kitu kimoja tu kinamshinda, nacho ni majina. Jina la filamu huandikwa kwenye pazia, halitamkwi, basi yeye huzibatiza mwenyewe. Ile ya polisi watatu iliyojaza ukumbi wiki mbili aliiita Ya Wanaume Wanaokimbia Mno. Nyingine aliiita Ya Mama Anayefua, kwa kuwa mwanamke yule alifua nguo filamu nzima na hakumjibu mwanawe hata neno moja. Kazi ya kuwafafanulia wateja ipi ni ipi ilikuwa yangu, na nakiri kwamba mara mbili tatu niliwaelekeza watu kwenye filamu mbovu kwa makusudi, kwa kuwa walikuwa wamenikera.

Juu ya cherehani yake kuna uzi uliofungwa kutoka msumari hadi msumari. Filamu mpya ikimgusa, anaokota kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye kazi ya siku hiyo na kukibana kwenye uzi kwa pini. Kushoto ni juu, kulia ni chini. Nimewahi kumkuta amesimama na utepe wa kupimia shingoni, mteja wake anasubiri ndani ya gauni lenye mkono mmoja, naye anahamisha kitambaa cha kijani mbele ya chekundu, anakirudisha, anakihamisha tena. Sheria yake haipindiki: filamu iwe mpya, ya mwaka huo. Ya mwaka wa nyuma hata ikimtoa machozi ya kujaza ndoo, haiingii. Wiki ya mwisho ya Desemba anahesabu vipande kumi kutoka kushoto, anaandika orodha kwenye boksi lililokunjuliwa, kila filamu na maneno yake machache, na kuitundika mlangoni. Sisi nasi siku kumi za kwanza za Januari tunazirudia zote, moja kwa siku, kuanzia ya kumi kwenda ya kwanza.

Mpinzani wake mkubwa ni mwenye bucha wa ng'ambo ya barabara. Mwaka mmoja alikuja na aproni yake, kisu mkononi, kulalamika kwamba filamu ya milipuko imeachwa. Fundi hakuinua hata mguu kwenye pedeli. Alimjibu kwamba mlipuko wa kwanza ulimshtua, na ile thelathini iliyofuata ilikuwa kelele za watu walioishiwa maneno. Mwenye bucha aliondoka akinung'unika, na tangu hapo kila Desemba yeye ndiye wa kwanza kuja kusoma.

Sikio hilo alilipata kwa mama yake mdogo, aliyemlea na kumfundisha kushona, na ambaye hakukata kitambaa bila redio ya michezo ya kuigiza pembeni. Sikio hilo hilo ndilo lililomfikisha miaka arobaini na minne bila mume. Siyo kwamba hawakuja. Alikuja mwalimu wa hesabu, akakataliwa kwa kuwa aliburuza viatu. Fundi aliniambia mtu asiyejisumbua kuinua mguu wake hatajisumbua kwa lolote. Akaja muuza matairi, mpole, mwenye nyumba yake, naye akakataliwa kwa kuwa alicheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe. Nilimwambia Fundi ana roho ngumu. Alinijibu kwamba roho yake ni laini, ndiyo maana anailinda.

Sasa nije kwa kaka. Mtaa mzima unamwita Kimya, na jina hilo halikumwonea. Anaendesha biashara yenye kelele kuliko zote mtaani bila kutumia zaidi ya maneno ishirini kwa siku. Alikuwa akimpenda Fundi kwa miaka mitatu. Nilijua kwa sababu mashati yake yalianza kupoteza vifungo kwa ratiba, Jumatatu kimoja, Alhamisi kimoja, hadi siku nilipomfumania jikoni anakikata kingine kwa wembe. Anapeleka shati, anasema habari za kazi, anakohoa, anaondoka. Miaka mitatu ya vifungo.

Mwezi wa nane uvumilivu ulinishinda, nikamweka chini na kumwambia aseme au aache kuharibu mashati. Alisema akisimama mbele ya Fundi ulimi unamwia mzito, na kinachomtisha zaidi ni lile sikio. Neno moja likienda upande, atawekwa kundi moja na mburuza viatu. Nikamshauri afanye mazoezi. Saa mbili asubuhi ukumbi huwa mtupu, na Fundi hufungua saa nne. Kisha, kwa kuwa nilitaka kucheka, nikamwambia atumie maiki, ile ninayoitia watu waingie, ili aizoee sauti yake mwenyewe. Ushauri huo ni wangu, sikatai.

Aliufuata kama dozi ya daktari. Kila asubuhi baada ya kufagia alisimama mbele ya pazia jeupe, maiki mkononi, na kuliomba benchi la mbele limkubali awe mumewe. Na kwa kuwa maongezi yanataka watu wawili, alijijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba ya kike, nimekubali, bwana wangu, halafu alizima haraka kwa aibu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikijifinya mapaja. Lakini haki yake nimpe: maneno yake yalikuwa mazuri. Hakutaja nyumba wala mabenchi. Alisema anajua saa kwa mlio wa cherehani yake bila kutazama ukutani. Alisema siku ile Fundi aliposhikwa na homa asifungue, yeye alionyesha filamu mbili na hakusikia hata moja, kwa sababu alikuwa anausikiliza ukuta. Kila asubuhi alipunguza neno lililozidi, na kila asubuhi nilicheka kidogo kuliko jana yake.

Tusichokijua ni kwamba mwezi huo Fundi alikuwa amepokea oda ya sare za shule nzima. Tangu hapo hadi Desemba alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma saa moja asubuhi, anakaa na mlango wa mbele umefungwa, anapiga pindo za sketi kwa mkono. Na alijua, kama mtaa mzima unavyojua, kwamba kaka hujaribu filamu mpya asubuhi kabla ya kuzionyesha. Sauti ya kaka kwenye spika hakuwahi kuisikia, na wanawake wenye cherehani na homa wamejaa duniani.

Desemba ikafika, boksi likatundikwa. Watu walinisukuma mbele niwasomee. Namba kumi ilikuwa Ya Jambazi wa Viatu Vipya, maana viatu vyake vililia kila alipojificha, na Fundi alishangaa polisi walimkosaje. Watu wakacheka. Nikashuka mstari, nikasoma hivi kwa sauti kubwa:

"Namba tisa. Ya Bwana wa Asubuhi. Huyu mwanamume anasema kweli, sijasikia mwingine kama yeye mwaka huu. Siku mbili niliacha kushona. Ingekuwa ya kwanza, ila ina makosa mawili. Mwanamke ameigizwa vibaya, anaongea kama ana mafua na anakubali kabla hajafikiri. Halafu haina mwisho, wanaikata kila siku palepale. Ukumbi utuonyeshe nzima."

Kicheko kilinijia hadi kooni, kikakwama hapo. Kaka alikuwa nyuma yangu na ufagio. Alisoma kimoyomoyo huku midomo ikicheza, akafika mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Kisha aliingia ndani na kukaa benchi la mwisho, ufagio magotini, kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Nje walianza kuulizana ni filamu gani hiyo. Hakuna aliyeiona. Mwenye bucha aliapa kwamba hakukosa hata wiki moja mwaka mzima, na kwamba leo ndiyo leo: ama namba tisa ionyeshwe tarehe mbili Januari, ama Fundi akubali kwamba hutunga orodha zake kichwani. Tiketi za tarehe mbili ziliisha siku hiyo hiyo. Za namba moja zilikuwa bado nusu.

Jioni nilimfuata kaka nikitarajia kumtania, nikashindwa. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Nikisema ukweli, watamcheka yeye, siyo mimi," alisema. "Sikio lake ndilo jina lake hapa mtaani. Nikimwaibisha nimempoteza. Afadhali nifunge ukumbi nihame."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema bila maiki. Hapo ndipo niliposhikwa na woga wa kweli, kwa sababu kaka yangu hajui kutishia. Akisema kuhama, anahesabu maboksi.

Tarehe moja Januari asubuhi alijaribu kudanganya. Alitafuta kwenye kabati filamu zote zenye mwanamume anayeomba uchumba, akaweka ya kwanza. Haikufika dakika mbili, rula ikagonga ukutani mara tatu. Sauti ya Fundi ikapenya kwa upole kwamba siyo hiyo, jirani. Akaweka ya pili. Siyo hiyo. Kwa ya tatu aligonga tu. Kaka alizima mashine na kukaa gizani.

Mchana ule, wakati jambazi wa namba kumi analiza viatu vyake mbele ya ukumbi uliojaa, nilichukua gauni langu lisilo na kasoro yoyote na kwenda kulipunguza. Fundi alinisimamisha mbele ya kioo, akapiga magoti nyuma yangu, pini nne mdomoni. Kisha nikamwaga yote, kuanzia vifungo na wembe, hadi mazoezi na maiki na nani aliyetoa wazo la maiki. Kwenye kioo nilimwona ameganda, mikono imeshika pindo langu. Upande wa pili viatu vililia na watu wakapiga makofi. Alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake.

"Kwa hiyo yule mwanamke mwenye mafua ni mimi?"

Nilisema ndiyo, dada, ni wewe. Nikaangua kicheko, na yeye pia bega lilimtikisika mara moja. Halafu likaacha. Alikaa chini kabisa, sakafuni, katikati ya nyuzi na vipande.

"Miezi mitano mtu ananiomba," alisema taratibu, "na mimi nampa namba tisa."

Nilitaka kumwambia kwamba namba tisa katika mwaka mzima siyo mbaya. Nikaona jinsi alivyonitazama kwenye kioo, nikaacha. Alinikumbusha kwamba nilijua tangu Agosti. Nilikuwa napita mlangoni kwake kila siku, mimi Bi Tiketi, kama anavyoniita, nachukua maji ya kunywa kwake, naeleza umbea wa mtaa mzima, na huo mmoja nikaubakiza. Kisha akaninyooshea kidole mlangoni. Nilitoka na gauni limebanwa upande mmoja, na pini moja ilinichoma hadi nyumbani. Kaka sikumwambia kitu. Uoga, hakuna jina lingine.

Asubuhi ya tarehe mbili nilifika mapema na kujibanza nyuma ya mlango wangu wa kila siku. Kaka alikuwa amefagia. Alisimama mbele ya pazia, akawasha maiki, akakohoa. Nilidhani ataomba uchumba kwa mara ya mwisho. Kumbe siyo.

"Dada Fundi," alisema, na spika zikaitoa sauti yake nzito. "Hakuna filamu. Ni mimi. Nilikuwa najifunza kusema na wewe. Leo mchana nitawaambia watu kwamba ilikuwepo, nikaiharibu kwa uzembe wangu, ili lawama ziwe zangu. Wewe usiseme chochote. Naomba tu usinichukie."

Alihamisha maiki mkono wa pili, kama afanyavyo siku zote, akaibana sauti ikawa nyembamba.

"Haya, nimekusamehe, bwana—"

Rula ilipiga ukuta kwa nguvu hadi vumbi likadondoka.

"Hapo usinijibie," sauti ya Fundi ilisema. "Nitajibu mwenyewe. Zima hiyo maiki uje huku."

Kaka aliizima. Ilimchukua muda kupata kitufe. Alishika njia ya mlango wa mbele, akarudi, akavua koti la kufagilia, akatoka, na nilisikia akiinua miguu yake vizuri kabisa kwenye zile hatua sita za barazani. Mlango wa Fundi ukafunguliwa, ukafungwa.

Sitajifanya malaika. Nilikimbia nikabandika sikio ukutani, nyuma ya spika ya kushoto, kwenye utando wa buibui. Ukuta ule ule uliopitisha kila mnong'ono wa kila filamu ya mwaka mzima. Na mara tu nilipotulia, Fundi alianza kukanyaga cherehani. Alikanyaga kwa kasi, moja kwa moja, bila kugeuza kitambaa, bila kukata uzi. Hakuna mshono duniani wenye urefu ule. Nusu saa nzima nilisikia cherehani tu, na katikati yake mara mbili sauti ya mwanamume, mara moja ya mwanamke, na mara moja kitu ambacho kingeweza kuwa kicheko au kiti kuburuzwa. Nilimlaani kwa mapenzi yote.

Kaka aliporudi nilimkabili mlangoni. Nilimuuliza amejibiwa nini. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka nyumba yake iko wapi, akaniondoa utando kwenye nywele, akaingia kwenye chumba cha mashine na kujifungia. Shati lake lilikuwa na vifungo vyote. Hilo halikunisaidia, maana hata mtu aliyekataliwa anaweza kushonewa kifungo. Nilikaa dirishani kwangu roho juu juu hadi mchana, nikiwapa watu nafasi zao na kuwajibu hovyo.

Saa nane kasoro mabenchi yote yalijaa, na waliokosa nafasi wakasimama barazani. Mwenye bucha alikaa mbele kabisa, mikono kifuani, amevaa shati safi kwa ajili ya ushindi. Saa nane ikagonga. Pazia likabaki jeupe. Walianza na miluzi, wakahamia kwenye miguu, na ukumbi ukatetemeka. Mwenye bucha akasimama, akageukia umati na kutangaza kwamba si aliwaambia, hakuna namba tisa, na huyo Fundi amewafanya wajinga miaka yote hii. Niliona mlango wa chumba cha mashine ukifunguka na kaka akitoka, maiki mkononi, mweupe kama lile pazia, tayari kudanganya umma ili kumlinda mtu. Akakohoa kwenye spika. Na sauti ikagoma.

Hapo watu waliokuwa barazani wakaanza kusogea pembeni. Fundi alikuwa anaingia. Hakuwahi kukanyaga ukumbi ule tangu alipopanga chumba chake, na ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Alikuwa na utepe shingoni na uzi mweupe kwenye sketi. Alipita katikati ya mabenchi bila haraka, akafika mbele, akamtazama mwenye bucha hadi mwenye bucha akakaa. Kisha akanigeukia mimi, dirishani kwangu, na kusema kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia:

"Wifi, waonyeshe namba nane. Namba tisa nimeichukua mimi."